Mwacheni Mzee na Dirisha Lake

Kuna maneno mawili ambayo siku hizi yanamaliza mazungumzo katika ofisi yoyote: "mfumo umekataa." Ukishaambiwa hivyo, hakuna wa kumlaumu. Karani aliyekuambia anakutazama kwa huruma, utadhani nyote wawili mmenyeshewa na mvua ileile. Mfumo umekataa, basi, mwingine apite.

Naandika kwa ajili ya mtu ambaye kila mpango wa kupeleka huduma za serikali mtandaoni unamtaja kama kasoro ya kurekebishwa. Ni yule anayesema hataki kumaliza shida zake kwenye simu. Anataka aende, asimame mbele ya dirisha, aonane na binadamu mwenzake. Wapangaji wana majibu mawili mfukoni. La kwanza: hana elimu ya kidijitali, apewe mafunzo. La pili, ambalo hawalisemi kwa sauti: ni mzee, tusubiri. Mimi nadhani mtu huyo hajaeleweka, na nasema hivi nikiwa mtu ambaye simu haimtoki mkononi kutwa nzima.

Upande wa pili una hoja nzito na sitazipunguza. Dirisha halikuwa pepo. Nyuma yake palikaa "njoo kesho." Palikaa faili lililopotea miezi mitatu na kupatikana ghafla mara tu mkono ulipopenyeza kitu. Palikaa karani aliyetoka kunywa chai saa nne na kurudi saa sita, na mkubwa aliyejua kabisa kwamba binti aliyekuja kutafuta cheti hana pa kushtaki. Fomu ya mtandaoni haina shemeji wala haiulizi wewe ni wa nani. Inakupokea usiku wa manane. Kwa mtu anayetembea kwa magongo, au anayepoteza ujira wa siku kila anapokwenda ofisini, hiyo si anasa. Estonia ilianza kuunganisha kumbukumbu za serikali kupitia mfumo wake wa X-Road mwaka 2001, na leo raia wake anajaza ritani ya kodi kwa dakika chache kwa sababu takwimu nyingi zimeshajazwa tayari. Anayeitazama Estonia akasema haoni kitu cha kutamani, huyo anabisha kwa kubisha tu.

Ila hoja zote hizo zinathibitisha jambo moja: kwamba mlango wa mtandaoni ufunguliwe. Hazithibitishi kwamba dirisha lifungwe. Ni maamuzi mawili tofauti, na hutiwa gunia moja kwa sababu inayoeleweka: la kwanza linagharimu fedha, la pili ndilo linaloleta akiba. Waziri anapotangaza, utasikia sana kuhusu urahisi wa raia. Kwenye bajeti utaona idadi ya makarani waliopunguzwa.

Mwanzoni mwa mwaka 2022, Carlos San Juan, daktari mstaafu wa mjini Valencia, Hispania, mwenye miaka 78, alianzisha ombi dhidi ya benki zilizokuwa zikifunga matawi na kufupisha saa za kaunta. Aliliita kwa maneno yanayomaanisha: mimi ni mzee, si mjinga. Zaidi ya watu 600,000 walitia saini, akaupeleka mzigo huo serikalini, na benki zikakubali kurefusha saa za kuhudumia watu ana kwa ana. Huyu ni mtu aliyesomea udaktari na kutibu watu maisha yake yote, mwenye ugonjwa wa Parkinson unaotetemesha mikono. Semina ya kubofya ingemsaidia nini? Watu 600,000 hawakutia saini kwa sababu hawajui kubofya. Ombi lenyewe lilikuwa mtandaoni!

Wanaomtetea mzee huyu huwa wanakimbilia idadi ya wasio na intaneti. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilikadiria kuwa mwaka 2024 walikuwa watu bilioni 2.6, karibu theluthi ya dunia. Ni wengi, na serikali inayofunga dirisha huku raia wake wamo humo inawafungia nje. Lakini mimi sijengi hapo. Idadi hiyo inapungua kila mwaka, na ukiiegemea, siku itakapofika sifuri utakuwa umekubali kwamba dirisha halina kazi tena. Kazi ya dirisha ni nyingine kabisa.

Nilianza kuiona siku nilipokwama mimi mwenyewe. Nilikuwa nahuisha hati fulani kwenye tovuti ya ofisi moja ya umma. Jina langu kwenye kumbukumbu moja lina herufi mbili zinazofuatana, kwenye kumbukumbu nyingine lina moja. Mtu aliyekuwa akichapa miaka mingi iliyopita alichoka kidogo, basi. Nilipofika ukurasa wa tatu, kitufe cha "Endelea" kikafifia, kikawa cha kijivu. Hakuna maelezo. Nikarudia. Nikabadili simu, nikatumia kompyuta, nikaambiwa na kijana mmoja nifute kumbukumbu za kivinjari. Nikaandika barua pepe na kujibiwa papo hapo na mashine iliyonishukuru kwa kuwasiliana nao. Wiki mbili. Mwishowe nikaenda. Mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani alizitazama karatasi zote mbili, akanitazama usoni, akasema, "Ni wewe huyuhuyu." Akakata herufi moja kwa kalamu, akaweka tarehe na saini yake fupi pembeni, akanitoa. Dakika nne hivi.

Tazama alichokifanya. Alikubali jambo ambalo halikuwa na kisanduku chake kwenye fomu, kisha akajifunga nalo kwa saini. Kama amekosea, kuna wa kuitwa.

Sasa tuone Australia, maana huko jaribio la kumwondoa mama wa namna hiyo lilifanywa kwa ukubwa wa nchi nzima. Kuanzia mwaka 2016 serikali iliendesha mpango wa kudai fedha kutoka kwa watu waliodaiwa kulipwa msaada wa jamii kupita kiasi, mpango uliokuja kujulikana kwa jina la Robodebt. Kiini chake ni hesabu ambayo mtoto wa darasa la nne anaiweza: kugawanya kwa 26. Msaada ule hukokotolewa kila wiki mbili, na mwaka una vipindi 26 vya wiki mbili. Mamlaka ya kodi ilikuwa na kipato cha mtu cha mwaka. Kompyuta ikachukua kipato hicho, ikakigawa sawasawa kwenye vipindi, ikalinganisha na alichoripoti mwenyewe.

Hebu ifanye kwa mkono. Mtu amefanya kazi miezi sita akapata dola 26,000, yaani 2,000 kila wiki mbili. Kisha akapoteza kazi, na miezi sita iliyobaki akapokea msaada, akiripoti kwa uaminifu kwamba kipato chake ni sifuri. Kompyuta inagawa 26,000 kwa 26, inapata 1,000. Kwa hiyo, kwa macho yake, huyu alikuwa akipata dola 1,000 kila wiki mbili mwaka mzima, hata alipokuwa nyumbani akitafuta kazi. Ameficha! Anadaiwa! Nimekuwa nikiirudia hesabu hii kichwani kwa sababu haina kosa la hesabu. Kila tarakimu ni sahihi. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, "Mwaka huo ulifanya kazi mwanzo hadi mwisho?" Zamani alikuwapo. Ofisa akiona tofauti kama hiyo, aliweza kumwomba mwajiri hati za mishahara. Mpango mpya ulimtoa ofisa na kumgeuzia mdaiwa mzigo: wewe ndiye utafute hati za mishahara ya miaka iliyopita, pengine kwa mwajiri aliyekwisha kufunga duka.

Na hapa ndipo ninapokwama kila nikisoma habari hizi. Barua za mwanzo zilizotumwa kwa watu hao ziliwaelekeza kwenye tovuti, na hazikuwa na namba ya simu ya kitengo kilichokuwa kikiwadai. Namba ilikuwapo. Wafanyakazi walikuwapo. Barua tu ndiyo haikuandikwa namba. Mtu anapokea karatasi ya serikali inayomwita mdaiwa, anaigeuza nyuma na mbele akitafuta pa kupiga, hapaoni.

Matokeo: mwaka 2021 jaji wa Mahakama ya Shirikisho alieleza kwamba madeni yaliyodaiwa kinyume cha sheria yalizidi dola za Australia bilioni 1.7, dhidi ya watu takriban 433,000. Zaidi ya milioni 700 zilikuwa zimeshakusanywa na ikabidi zirudishwe. Tume ya kifalme, yaani tume ya juu ya uchunguzi ya nchi hiyo, iliyoongozwa na Catherine Holmes ilitoa ripoti Julai 2023 na kuuita mpango huo wa kikatili. Akiba iliyotarajiwa kwa kumwondoa binadamu ilikwenda wapi, wahasibu watajua.

Mtu atasema: hiyo ilikuwa programu mbovu, tengeneza nzuri. Sawa. Ila swali langu ni hili: ubovu huo ulihitaji kugunduliwa na nani? Wa kwanza kuugundua alikuwa yule aliyepokea barua wiki ya kwanza. Alijua palepale kwamba si kweli. Ujuzi huo ulikuwapo nchini tangu siku ya kwanza, umetapakaa katika maelfu ya nyumba, na haukuwa na mlango wa kuingilia serikalini.

Hapa wapenzi wenzangu wa dirisha wasishangilie haraka, kwa sababu Uingereza inatuumbua. Kwenye kashfa ya posta ya huko, mawakala waliokuwa wakitumia Horizon, mfumo wa kompyuta wa mahesabu uliokuwa na kasoro, kuanzia mwaka 1999 walikuwa na namba ya simu ya kupiga. Walipiga. Binadamu akapokea. Wengi wao wakaambiwa kwamba hakuna mwingine mwenye tatizo kama lao. Zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi, ulaghai au hesabu za uongo kutokana na upungufu wa fedha ulioonekana kwenye kompyuta, na ilipofika 2024 Bunge lililazimika kutunga sheria ya kufuta hukumu hizo kwa jumla. Mwaka uleule wa 1999 ilipitishwa sheria ya kuondoa, huko England, sharti la kisheria lililomtaka mwendesha mashtaka aonyeshe kuwa kompyuta iliyotoa ushahidi ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Mashine ikachukuliwa kuwa ni mkweli, na mtu ndiye akabaki na kazi ya kuthibitisha vinginevyo.

Kwa hiyo sauti ya binadamu peke yake haitoshi. Dirisha lenye mtu asiye na kalamu ni pambo. Ukimweka pale karani ambaye anachoweza ni kukusomea kilichoandikwa kwenye skrini, hujaweka dirisha, umeweka spika. Ninachokitetea ni kitu cha gharama zaidi: mtu mwenye mamlaka ya kuuambia mfumo "umekosea," na ambaye jina lake litabaki kwenye karatasi.

Gharama, ndiyo. Kuendesha njia mbili ni ghali kuliko moja, na anayesema vinginevyo anadanganya. Karani mwenye mamlaka hulipwa zaidi ya karani wa kupiga mihuri. Na mamlaka yale yale yanayomruhusu kurekebisha herufi ndiyo yanayomruhusu kuomba rushwa, hilo nalo nalikubali; ndiyo maana saini na tarehe si mapambo, zinahitaji mkaguzi nyuma yake. Lakini wengi wakiwa mtandaoni kwa hiari, dirisha halihitaji makarani 40. Linahitaji wachache, wazoefu, wanaopokea kesi ngumu tu.

Estonia yenyewe, mfano wa kila hotuba, haikufunga. Kura kwa intaneti zilianza huko mwaka 2005. Ilichukua hadi uchaguzi wa bunge wa 2023, miaka 18, kwa kura hizo kuzidi nusu, na karatasi bado ipo. Aliyepiga kura mtandaoni anaweza kwenda kituoni siku ya uchaguzi, akapiga ya karatasi, na ya karatasi ndiyo ikahesabiwa. Denmark, iliyofanya barua za serikali kuwa za kidijitali kwa lazima mwaka 2014, iliacha kifungu cha msamaha kwa wasioweza. Nako Geneva, Uswisi, Juni 2023, zaidi ya asilimia 94 ya wapiga kura walikubali kuingiza kwenye katiba ya jimbo lao haki ya mtu kutoingiliwa katika maisha yake ya kidijitali, ikiwamo haki ya kuishi nje ya mtandao. Geneva si mji wa watu wasiojua kompyuta.

Siku ile nilipotoka kwa yule mama, niliona bango kubwa mlangoni: huduma zote sasa zinapatikana mtandaoni. Chini ya bango palikuwa na foleni, na wa mwisho kwenye foleni alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, simu mbili mkononi. Nilimwonyesha bango, nusu utani. Akacheka.

"Huko ndiko nilikotoka," akasema, akasogea hatua moja mbele.