Kazi za Uarabuni: bure hiyo anailipa nani?

"Serikali inawazibia watoto wetu riziki." Nimelisikia neno hilo hapa Arusha, soko la Kilombero na ndani ya daladala za Ngaramtoni, kila wanapotajwa mawakala wa ajira za nje. Wanaolisema wana uchungu wa kweli. Binti kamaliza kidato cha nne, yupo tu nyumbani, na shamba la nusu ekari halitoshi hata ada ya mdogo wake. Anatokea wakala mwenye kazi ya ndani Muscat, Oman, ofisi za serikali zinadai leseni na mihuri. Mawakala waliosajiliwa nao wanalalamika: wao wanakaguliwa, huku dalali wa mtaani anampakia binti kwenye Noah hadi Namanga, mpakani na Kenya, mwendo wa saa mbili hivi, akapande ndege Nairobi. Ni kweli, mlango wa mbele ukibanwa sana, watu hupita wa uani.

Ila hapo kwenye "bure" ndipo ninapokwama. Mzazi huambiwa halipi kitu: tiketi, viza, vipimo, vyote juu ya tajiri. Na ndivyo inavyotakiwa, maana mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 181 wa 1997 unakataza mfanyakazi kutozwa ada. Lakini tajiri aliyemlipa wakala huhisi amenunua mtu. Binti akichoka, akitaka kurudi, anaambiwa arudishe gharama kwanza. Azitoe wapi, na mshahara hajaupata? Viza yake imefungwa kwa mwajiri huyohuyo. Akitoka bila ruhusa anahesabiwa mtoro. Sheria ya kazi ya Oman ya 2003 haikuwahusu wafanyakazi wa ndani kabisa. Katika ripoti yao ya 2017, shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch walizungumza na Watanzania 50 waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Karibu wote walinyang'anywa pasipoti.

Niliwahi kuombwa nisome mkataba wa binti wa jirani, tumesimama kwenye kaunta ya steshenari. Kurasa mbili, Kiarabu kulia, Kiingereza kushoto, Kiswahili hakuna. Mshahara ulikuwa umefutwa kwa wino mweupe, ukaandikwa upya kwa kalamu. Palipohusu gharama za kuvunja mkataba paliachwa wazi. Mama mtu ameshika pasipoti kwa vidole viwili isichafuke. Nikampigia wakala: hapa pataandikwa nini? Akajibu, "Hapo watajaza kulekule."

Leseni ya wakala haijazi nafasi ile. Sheria yetu ya 1999 inamtaka asajiliwe, vizuri, lakini usajili unatuambia yeye ni nani kabla binti hajaondoka. Ufilipino, kwa sheria yao ya 1995, wakala anawajibika pamoja na mwajiri kwa madai ya fedha ya mfanyakazi. Mshahara usipolipwa Riyadh, anadaiwa aliye Manila. Wakala mdogo wa Arusha atasema hilo litamfilisi, na huenda wapo watakaofunga ofisi. Lakini asiyeweza kubeba mishahara ya miezi miwili ya binti mmoja, kwa nini tumkabidhi mabinti ishirini?

Yule binti hakusafiri. Mama yake hajanisamehe. Tukikutana siku ya soko ananiuliza kazi nyingine niliyomtafutia iko wapi, nami sina jibu.