Neva iliyokatika haina muda wa kusubiri

"Tusubiri tuone" ni ushauri mzuri kwa neva (mshipa wa fahamu unaopeleka amri na hisia) iliyobanwa au kuvutwa kidogo. Kwa neva iliyokatwa na kisu au kioo ni ushauri unaomgharimu mtu mkono, na naona hutolewa kirahisi mno.

Neva ikikatika, nyuzi zilizo mbele ya jeraha hufa. Mwanasayansi Augustus Waller alilieleza hilo mwaka 1850. Nyuzi mpya huchipua upande ulio hai na kutambaa kiasi cha milimita 1 kwa siku. Huku nyuma misuli iliyokosa amri inasinyaa, na ikipita miezi 12 hadi 18 hivi, neva hata ikifika haipokelewi. Pima mwenyewe kutoka kwapani hadi kiganjani: ni zaidi ya sentimita 50. Hizo ni siku 500 na ushei, bado hujaongeza miezi uliyoambiwa usubiri.

Ncha zikiwa mbali, kishawishi ni kuzivuta zikutane. Mshono uliokazwa hivyo hukosa damu na kujaa kovu. Daktari wa upasuaji Hanno Millesi wa Vienna alishikilia kwamba ni heri mishono miwili iliyolegea kuliko mmoja uliokazwa, na kwa kuwa hivyo ndivyo ilivyo, pengo huzibwa kwa kipandikizi, yaani kipande cha neva nyingine ya mgonjwa huyo huyo. Mara nyingi huchukuliwa neva iitwayo sural, ile ya nyuma ya mguu, kisha hukatwa vipande na kupangwa sambamba. Wagonjwa hushtuka: niharibiwe neva nzima ili itengenezwe mbovu? Mimi ningekubali bila kusita. Neva hiyo ni ya hisia tu, haisogezi hata kidole. Unachopoteza ni hisia upande wa nje wa wayo. Wala haiungwi kama waya wa umeme. Nyuzi zake zenyewe hufa, na kinachotakiwa ni mirija iliyobaki pamoja na seli za Schwann (zile zinazozizunguka nyuzi za neva) zinazoziongoza nyuzi mpya.

Mirija ya kiwandani ya kuziba pengo badala ya kipandikizi ipo, lakini kwa pengo linalozidi sentimita 3 nisingeiamini.

Na jeraha likiwa juu sana, hata kipandikizi kizuri hushindwa na ile hesabu. Ndiyo maana navutiwa na njia aliyoieleza daktari wa upasuaji Christophe Oberlin mwaka 1994: kuazima fungu dogo la neva ya alna (ile inayopita nyuma ya kiwiko kwenda mkononi), ambayo bado ni nzima, na kuliunga kwenye neva ya msuli wa baisepsi, ule unaokunja kiwiko, karibu kabisa na msuli wenyewe. Safari inakuwa ya sentimita chache, na kiwiko kinaweza kukunjika tena baada ya miezi, wala si miaka.