Usiniulize kama itanyesha, niulize saa ngapi

Ikifika wiki ya mwisho ya Aprili hapa Louisville, Kentucky, mbio za farasi za Kentucky Derby zikikaribia, simu yangu haipumziki. Kuna wanaotaka kujua kofia zinauzwa wapi, kuna wanaotaka niwatajie farasi wa kuwekea hela, lakini swali linaloongoza ni moja: Jumamosi itanyesha? Shemeji yangu huanza kuuliza zikiwa zimebaki siku kumi nzima. Anafungua simu, anaona kiwingu chenye matone, ananuna. Kesho yake anaona jua, anacheka. Namwambia, shemeji, utabiri wa siku kumi kwa Kentucky ni ramli tu.

Kwetu Kigoma mvua ya masika ikishakoza unajua imekuja. Huku majira ya kuchipua hayana adabu hiyo. Hewa ya joto yenye unyevu inapanda kutoka Ghuba ya Mexico, ya baridi inashuka kutoka Kanada, zinakutana juu ya bonde la mto Ohio na kuanza kusukumana. Mpaka wa hewa hizo mbili ukichelewa saa sita tu, dhoruba iliyotabiriwa mchana inakuja usiku watu wameshalala. Ndiyo maana Kentucky Derby, iliyoanza enzi za babu zetu (ya kwanza kabisa ilikuwa 1875) na ambayo siku hizi hukimbiwa Jumamosi ya kwanza ya Mei, imeona kila kitu. Mwaka 1959 joto lilifika nyuzi 34 za Selsiasi. Mwaka 1989 zilidondoka chembe za barafu. Mei!

Halafu kuna hizi asilimia. Watu wakiona "40" wanadhani itanyesha kwa asilimia arobaini ya siku, au arobaini kati ya mia ya mji italowa. Sivyo. Maana yake ni kwamba hapo ulipo, katika muda uliotajwa, kuna nafasi nne kati ya kumi ya kupata mvua ya kupimika, na ya kupimika ni robo ya milimita tu. Haisemi ni manyunyu au gharika. Kwa hiyo mimi huangalia utabiri kuanzia Alhamisi, na huangalia wa saa kwa saa, basi.

Saa ndiyo yenye habari yote, kwa sababu mbio yenyewe ni ya dakika mbili hivi, na farasi hutoka getini saa moja kasoro jioni. Njia ya Churchill Downs, uwanja wa Derby, ni mchanganyiko wa mchanga na udongo. Mvua ikikaribia, matrekta hupita kuushindilia ule udongo wa juu ili maji yatiririke pembeni badala ya kuzama. Mvua ikipiga saa kumi na moja jioni, maji yanasimama juu lakini chini bado pagumu, na farasi wanakimbia vizuri tu, wanarusha maji kama watoto kwenye dimbwi. Ikipiga asubuhi kisha jua likatoka, maji yameshaingia ndani, udongo unanata, miguu inakuwa mizito. Siku ileile, mvua ileile, mbio mbili tofauti kabisa. Anayebeti bila kujua hilo anachana mkeka wake mwenyewe.

Mwaka 2018 nilikuwa kule katikati ya uwanja, kwenye nyasi, na viatu vyangu vya harusi. Kosa langu, niliamini jua la kwenye simu la wiki iliyotangulia. Zilimwagika zaidi ya milimita 70, rekodi ya Derby zote. Iliyokuwa ikishikilia ni ya 1918. Soli ya mguu wa kulia ilibaki kwenye tope, nikarudi nyumbani nachechemea kama mzee. Farasi Justify akashinda, akikimbia mbele mbele na uso safi. Wa nyuma ndio wanaokula tope. Wapanda farasi wao huvaa miwani kadhaa kwa mpigo, imepangwa moja juu ya nyingine. Ya juu ikizibwa, anaishusha shingoni anaendelea na inayofuata.

Tangu hapo wajuzi wa vijiweni wakatuambia siku ya tope weka hela kwa anayeongoza. Mwaka 2019, tope tena, Maximum Security akatangulia kumaliza, mikeka ikatiki, watu wakaanza kukumbatiana. Dakika ishirini na kitu baadaye waamuzi wakamwondoa kwa kuwazuia wenzake njia, ushindi ukaenda kwa Country House, ambaye karibu hakuna aliyemtarajia. Na 2025, mvua tena, Sovereignty akatokea nyuma na kumpita Journalism aliyependwa na wengi. Yule ni farasi wa Godolphin, zizi la Sheikh Mohammed wa Dubai, na sheikh huyo alikuwa ameisaka Derby miaka mingi kwelikweli. Nadharia ya uso safi ikaishia hapo.

Ninachokiogopa mimi ni radi. Mvua hulowesha kofia tu, na kofia za huku, jamani, zina manyoya mpaka unamhurumia ndege. Lakini ukisimama uwanja wa wazi na maelfu ya watu, ngurumo si ya kuchezea. Kwa hiyo kwenye utabiri natafuta neno hilo kwanza, asilimia baadaye.

Na mwamvuli uache nyumbani. Siku ya Derby, na Ijumaa yake ya Oaks, mbio za farasi majike, hauruhusiwi kupita getini. Nunua koti la plastiki mapema, Jumamosi asubuhi yakianza manyunyu bei yake hupanda kama nyanya za mwezi wa Ramadhani.

Shemeji ameshanitumia picha ya kiwingu cha mwaka huu. Nimemjibu: Alhamisi.