Kuzika vyama hakutatuunganisha

Kwenye maziko fulani hapa Busia, upande wetu wa Uganda, mzee wa ukoo alikishika kipaza sauti mapema na kutangaza kwamba hakuna mwanasiasa atakayepewa nafasi. Waliovaa njano ya NRM, chama tawala, na waliovaa nyekundu ya NUP, chama cha upinzani, alisema, wote wamekuja kumlilia mama mmoja, basi wakae chini walie. Alipigiwa makofi kuliko mhubiri. Baadaye, tukila chini ya mwembe, jirani yangu wa miaka mingi akasema neno ninalolisikia baada ya kila uchaguzi: "Heri turudi kwenye Muvumenti. Vyama ndivyo vinavyotuua." Muvumenti ni ule mfumo wa Museveni wa siasa bila ushindani wa vyama, tuliokuwa nao hadi 2005.

Silipuuzi neno hilo, kwa sababu mtu wa umri wake ameyaona. Vyama vyetu vya kwanza vilizaliwa na dini mgongoni. DP, iliyoanzishwa mwaka 1954, watu waliiita Dini ya Papa, na UPC ikaonekana nyumba ya Waprotestanti. Kabaka Yekka, yaani Kabaka, mfalme wa Buganda, peke yake, hakikuhitaji kufafanuliwa. UPC na Kabaka Yekka waliungana mwaka 1962 wakaiangusha serikali ya Benedicto Kiwanuka wa DP, na tukafika uhuru Oktoba 9 tukiwa na serikali ya ndoa hiyo. Miaka miwili baadaye kura ya maoni iliziondoa kaunti za Buyaga na Bugangaizi mikononi mwa Buganda na kuzirudisha kwa Bunyoro, ndoa ikavunjika, na Mei 1966 jeshi likalishambulia kasri la Kabaka la Mengo. Kabaka Mutesa alikimbilia Uingereza na kufia huko.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 1980. UPC ikatangazwa mshindi, DP ikaamini imeporwa, na kabla miezi miwili haijaisha Yoweri Museveni, ambaye chama chake cha UPM kilipata kiti kimoja tu, akaingia msituni. Luweero iliteketea. Kampala ikajifunza maneno mawili, "panda gari", watu walipokuwa wakizolewa mitaani na kupakiwa kwenye malori ya askari. Maneno hayo ni ya Kiswahili, na sisi tunaokipenda Kiswahili katika nchi hii bado tunalipa deni la malori yale.

Ndiyo maana NRA, jeshi la msituni la Museveni, ilipoingia Kampala Januari 26, 1986, na vyama vikaambiwa vikae kando, wengi walishusha pumzi. Vyama havikufutwa, vilizuiwa kusimamisha wagombea. Kijijini watu walipanga foleni nyuma ya mtu wanayemtaka, na Mkatoliki na Mprotestanti wakajikuta kwenye baraza moja wakiamua kesi ya mbuzi aliyekula mihogo. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na anayelibeza hakuishi miaka ya kabla yake.

Lakini hapa ndipo ninapoachana na jirani yangu. Miaka hiyo hiyo ambayo vyama vilikaa kimya, kaskazini ilikuwa vitani. Zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa kambini, na watoto wa Gulu walitembea kila jioni kwenda kulala mjini wasije wakatekwa na waasi wa LRA. Hakukuwa na chama cha kukilaumu. Mwaka 1996, na tena 2001, watu wa Acholi, huko huko kaskazini, walimpigia Museveni kura ya hapana kwa wingi, ndani ya mfumo uliosema sote ni kitu kimoja. Na Kizza Besigye, aliyempinga mwaka 2001, alitoka ndani ya Muvumenti yenyewe. Ushindani ulikuwepo, ila haukuwa na jina wala mlango wa kutokea.

Tazama pia kura zetu za maoni. Mwaka 2000 zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura walisema tubaki na Muvumenti. Julai 2005 zaidi ya asilimia 90 wakasema turudi kwenye vyama. Kwangu mimi hiyo si nchi iliyobadili mawazo kwa miaka mitano. Ni nchi iliyofuata mahali mwenye nguvu alipoelekeza, huku wapinzani wakisusia mara zote mbili. Na mwaka huo wa 2005 Bunge likaondoa ukomo wa mihula ya rais.

Kinachotugawa, naamini, ni bei ya kushindwa. Anayeshinda hapa hupata serikali, jeshi, redio, zabuni na barabara. Anayeshindwa hupata mabomu ya machozi. Novemba 2020, Bobi Wine, mgombea urais wa NUP, alipokamatwa, watu wasiopungua 54 walikufa kwa hesabu ya serikali yenyewe. Januari 2021 Museveni akatangazwa mshindi kwa asilimia 58 dhidi ya 35 za Bobi Wine, Buganda na Busoga zikawa nyekundu, na tukaanza kuongea juu ya makabila kana kwamba kura ni damu. Si damu. Kaskazini ile iliyomkataa Museveni 1996, 2001 na 2006 ilimpa kura nyingi mwaka 2011, baada ya bunduki kunyamaza. Watu hubadilika pale maisha yao yanapobadilika.

Upinzani nao haujasafishika. Nimewasikia vijana wakimwita msaliti mama muuza samaki kwa sababu ya fulana ya njano aliyopewa bure. FDC, chama kingine cha upinzani chenye rangi ya bluu, ilipasuka katikati kwa ugomvi wa fedha na viongozi. Chama kisichoweza kusikilizana ndani ya ofisi yake kina kazi kubwa kutuaminisha kwamba kitaiunganisha nchi.

Kuna mahali ambapo vyama vimefanya kazi ya kutuunganisha, na hapasemwi sana. Bungeni, kamati zinazokagua hesabu za serikali huongozwa na wapinzani. Waziri wa njano hukaa mbele ya mwenyekiti wa nyekundu au bluu na kuulizwa pesa zilikwenda wapi. Huo ndio umoja ninaoutaka: aliyeshindwa awe na kiti, na kiti chake kiwe na kazi.

Nikamwambia jirani yangu basi aanzie karibu, kwenye Mpango wa Maendeleo ya Parishi, mfuko wa serikali wa kukopesha wananchi. Kila parishi hutengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya hukopeshwa milioni moja. Hizo ni kodi zetu sote, pamoja na ya huyo kijana wa kofia nyekundu. Siku ya kuzigawa, anayesimama mbele asivae rangi ya chama chochote, wala asiseme nani wa kushukuriwa.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia yeye aliipata ile milioni, akanunua nguruwe wawili, na mpaka leo hajui kama deni lile atailipa serikali au atakilipa chama.