Jeshi la Kigeni Humlinda Nani? Kutoka Jinja 1964 Hadi Juba

Tarehe 26 Julai 2023, Rais Mohamed Bazoum wa Niger alifungiwa nyumbani kwake na walinzi wake mwenyewe. Nchini mwake walikuwepo wanajeshi wa Ufaransa wapatao 1,500 na wa Marekani wapatao 1,000, wakiwa na ndege na droni. Hakuna aliyemtoa. Mwezi uliofuata Gabon nayo ikapinduliwa, ingawa Wafaransa walikuwa na kambi Libreville penyewe. Tangu hapo wengi husema majeshi ya kigeni ndiyo yanayoleta mapinduzi, na wengine hujibu kwamba bila hayo serikali nyingi zingeanguka mapema zaidi. Waganda tuna haki ya kuuliza kuliko wengi: tumewahi kukaliwa na majeshi ya watu, na leo jeshi letu, UPDF, ni mgeni Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, na Mogadishu na mashariki ya Kongo.

Wanaotetea ulinzi huo hawana hoja hewa. Februari 1964 Wafaransa walimrudisha madarakani Léon M'ba wa Gabon siku chache tu baada ya kupinduliwa. Julai 1981 Senegal ilifanya vivyo hivyo kwa Dawda Jawara wa Gambia. Lakini Jawara alikuwa London siku hiyo, huru kuomba msaada Dakar. Hapo ndipo penye ufunguo. Wapinduzi huhitaji saa chache na vitu vichache: rais mikononi mwao, ghala la silaha, redio au televisheni, uwanja wa ndege, na makamanda wengine wakae kimya. Jeshi la kigeni nalo huhitaji ombi la mwenye mamlaka, amri kutoka makao makuu yake, na njia ya kumfikia rais akiwa hai. Rais akishikwa na walinzi wake, yote matatu hukwama kwa mpigo. Tena wageni wa Niger walitumwa kupambana na wanamgambo wa jangwani. Kulinda ikulu haikuwa kazi yao.

Historia yetu yaonyesha zaidi. Maasi ya askari yalianza Dar es Salaam tarehe 20 Januari 1964, yakafika kambi ya Jinja tarehe 23. Askari walidai mishahara bora na maofisa Waafrika badala ya Waingereza. Waziri Felix Onama alipokwenda kuzungumza nao, walimzuia mpaka akakubali nyongeza. Waziri Mkuu wetu Milton Obote aliomba msaada, Waingereza wakaletwa kutoka Kenya, maasi yakazimwa. Hadi hapo msaada ulifanya kazi. Kilichofuata ndicho kilichotugharimu. Nyerere alilivunja jeshi lake lote na kuunda jipya, JWTZ, Septemba mwaka huohuo. Obote alibaki na jeshi lilelile, akalipa nyongeza, akapandisha vyeo haraka haraka, na Idi Amin akiwa miongoni mwa waliopanda. Askari wa Jinja walikuwa wamejua kwamba bunduki huongeza mshahara, na hakuna kikosi cha kigeni ambacho kingewasahaulisha.

Tarehe 25 Januari 1971, Obote, sasa akiwa rais, alikuwa Singapore; Amin alitwaa nchi. Waisraeli walikuwa wakiwafunza marubani, askari wa miavuli na wa vifaru, na Kanali Baruch Bar-Lev alikuwa rafiki wa Amin. Msaada wa Israel kwa waasi wa Anyanya wa kusini mwa Sudan ulipitia kwetu, na Obote alitaka njia hiyo ifungwe. Je, Israel ilipanga mapinduzi? Wanahistoria bado wanabishana. Mimi naona sababu kubwa zilikuwa za ndani: mauaji ya Brigedia Pierino Okoya Januari 1970, ambayo Amin alishukiwa kuhusika nayo, fedha za jeshi ambazo Amin alitakiwa azitolee hesabu, na jeshi lililogawanyika kikabila. Hata hivyo kosa la mkufunzi wa kigeni ni wazi. Alikuwa na mlango wake kwa kamanda, na mlango huo haukupitia kwa rais. Nao urafiki huo haukumfaa hata yeye, kwani mwaka 1972 Amin aliwafukuza Waisraeli wote.

Halafu JWTZ, wakombozi waliomng'oa Amin, waliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Maelfu yao walikuwa bado hapa Mei 1980, Rais Godfrey Binaisa alipojaribu kumng'oa Oyite Ojok katika unadhimu mkuu wa jeshi. Tume ya Kijeshi ya Paulo Muwanga ikamng'oa Binaisa, na Watanzania hawakuzuia. Waliondoka mwaka 1981, UNLA, jeshi jipya la Uganda, ikabaki na mipasuko yake, na tarehe 27 Julai 1985 Obote, aliyekuwa amerudi madarakani kwa uchaguzi wa Desemba 1980, akapinduliwa mara ya pili.

Kuhesabu kambi na mapinduzi kisha kuvilinganisha hupotosha, kwa sababu mgeni mwenye bunduki huitwa mahali palipokwisha kuharibika. Djibouti ina kambi za Marekani, Ufaransa, Japani na China na haijapinduliwa. Swali lenye maana ni kikosi gani cha mwenyeji kinachofunzwa. Septemba 2021 makomando wa Guinea walimpindua Alpha Condé huku wakufunzi wa Marekani wakiwa katikati ya kuwafunza. Ukikinoa kikosi kimoja na kuacha vingine na viatu vilivyotoboka, umekwisha kuchagua nani ataweza kuichukua ikulu.

Sasa Juba. Machi 2025 mkuu wa majeshi yetu, Jenerali Muhoozi Kainerugaba, alitangaza kwamba makomando wetu wamefika huko, na kwamba hatua yoyote dhidi ya Rais Salva Kiir ni kutangaza vita na Uganda. Tofauti na Wafaransa wa Niamey, hawa wametumwa kwa ajili ya rais mwenyewe, na kwa kuzuia mapinduzi ya ghafla huenda wakafaulu: Desemba 2013 UPDF iliisaidia Juba isianguke. Ila rais anayelindwa na jirani hupungukiwa na sababu ya kulipa askari wake kwa wakati au kupatana na wapinzani, na mwishoni mwa mwezi huohuo wa makomando kufika, Riek Machar, makamu wa kwanza wa rais na hasimu wa Kiir, aliwekwa kizuizini.

Bunge letu liliidhinisha operesheni hiyo askari wakiwa tayari Juba, kama lilivyofanya Januari 2014. Ombi lijalo lisipite bila majibu ya maandishi: wanalinda uwanja wa ndege au mtu, nani hutoa amri ya kufyatua, gharama inatoka fungu gani, wanaondoka lini, na wafanye nini makamanda wa Sudan Kusini wenyewe wakimgeuka Kiir.