Jina la Mpagazi Limeandikwa Wapi?

Koo nyingi za Tanzania na Kenya zina babu aliyechukuliwa kuwa mpagazi, yaani kubeba mizigo ya jeshi, katika Vita Kuu ya Kwanza, asirudi. Siku hizi vitukuu wanazitafuta habari zake: kwa wazee waliobaki, kwenye vitabu vya ubatizo vya misheni, hata mtandaoni. Wakifika kwa watunza nyaraka huulizwa jina lake limeandikwa wapi. Likikosekana, wanaambiwa hiyo ni hadithi ya nyumbani.

Wanaouliza hivyo wana hoja. Simulizi za ukoo huteleza. Babu aliyebeba magunia ya unga hupandishwa cheo na wajukuu, kizazi cha tatu kikimkuta ni sajini. Vita viwili vya dunia huchanganywa pia, na aliyepigana Burma mwaka 1944 akahamishiwa Rufiji ya 1917. Anayeandika historia akizimeza habari hizi nzimanzima atatuachia uongo wenye heshima, nao ni mgumu kuung'oa.

Tatizo ni kwamba swali lenyewe linachukulia kuwa kulikuwa na mtu aliyetaka kuandika na kutunza. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti kuhusu waliokufa wakiitumikia Dola ya Uingereza katika vita hivyo bila kuenziwa ipasavyo. Ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Hebu zisome tena tarakimu hizo. Kati ya kima cha chini na cha juu kuna watu 234,000, yaani pengo ni kubwa kuliko kima cha chini mara mbili. Kila mmoja wao alikuwa na mama aliyesubiri. Taasisi yenye wataalamu na makabati ya nyaraka inaruhusiwa kutojua kama watu 234,000 walikufa bila kukumbukwa au la, na makadirio yake yanaheshimiwa. Bibi wa kijijini akikosea mwaka mmoja, ushahidi wake wote unatupwa. Sioni haki katika mizani hiyo.

Tena ukimya ule haukutokana na uzembe tu. Baada ya vita Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, alitaka makaburi makubwa ya wapagazi ya Dar es Salaam na Morogoro yaachwe yamezwe na pori haraka iwezekanavyo. Badala ya majina zilisimamishwa sanamu katika Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Maandishi ya sanamu hizo, ambayo sehemu yake ilitungwa na mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na kumwahidi aliyekufa kwamba wana wake watalikumbuka jina lake. Kazi ya kukumbuka ilikabidhiwa wana, hadharani, kwa lugha tatu. Wana hao wakaifanya. Leo wanapokuja na jina, wanadaiwa karatasi na warithi wa serikali ileile iliyoamua kutoandika.

Na simulizi hupimika. Chukua mzee wa Ugogo, katikati ya Tanzania, anayesema babu yake alichukuliwa mavuno yakiwa bado shambani, na hakuwa amerudi Mtunya ilipoanza. Mtunya ni njaa kubwa iliyoikumba Ugogo kuanzia 1917, baada ya majeshi kuchukua chakula, mifugo na vijana. Hakutaja mwaka, lakini ametoa mpaka wa tarehe. Ukoo wa jirani ukisema hivyohivyo kuhusu kijana wao, bila kufundishana, hapo kuna kitu cha kushika.

Inasimuliwa sana kwamba miaka ya 1960, Ujerumani Magharibi ilipowalipa kule Mwanza askari Waafrika waliolipigania jeshi la Wajerumani katika vita hivyo, wengi hawakuwa na vyeti. Kila mmoja akapewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki, hakuna aliyeshindwa. Hata wanaodai karatasi huisimulia kwa raha, na hawaulizi imeandikwa wapi. Mpagazi je, angepewa mtihani gani? Kujitwisha mzigo wa kilo 25 na kutembea? Wengi wa waliokufa waliuawa na kuhara damu, malaria na chakula kilichoiva nusu. Kwa kifo cha namna hiyo hakuna gwaride la kukumbuka.

Pingamizi linalonisumbua zaidi linatoka ndani ya koo zenyewe. Wapagazi hawakujichagua. Majumbe, yaani viongozi wa vijiji, waliagizwa watoe vijana, na mara nyingi walianza na yatima, wageni na wasio na mtetezi. Vitukuu vya jumbe na vya aliyetolewa wanaoana, wanazikana, wanachota kisima kimoja. Wazee wengine hukaa kimya kwa makusudi, na ukimya huo nauheshimu. Hata hivyo, anayetaka kujua babu yake alizikwa wapi hana haja ya kumshitaki mjukuu wa jumbe. Mambo haya mawili yanaweza kutenganishwa, mradi anayehoji awe mtu mzima mwenye kujua lini afunge daftari.

Kinachowezekana sasa ni kidogo na cha dharura. Waliowasikia wapagazi wenyewe wakisimulia ni wachache mno. Vyuo vikuu na makumbusho ya mikoa yawarekodi, yalinganishe koo kwa koo na njaa kwa njaa, kisha yapeleke majina kwenye Tume hiyo pamoja na maelezo ya jinsi kila jina lilivyopatikana. Yale yenye shaka yaandikwe na shaka yake, kama ilivyoandikwa ile 116,000 au 350,000.