Wamekusifu baada ya usaili? Orodha yako ibaki vilevile

Kila mwaka, kuanzia Novemba hadi Februari, mimi hupokea ujumbe mwingi wa aina moja. Huandikwa na daktari kijana aliyemaliza Muhimbili, KCMC, Bugando, Nairobi au Makerere, aliyefanya usaili wa residensi Marekani (mafunzo ya ubingwa ambayo kila hospitali huyaendesha kama programu yake), na sasa ameletewa barua pepe inayomkosesha usingizi. "Shikamoo dada. Mkurugenzi wa programu ameniandikia mwenyewe! Anasema walifurahi sana kuongea nami na kwamba ningewafaa mno. Je, nihesabu nimepata?" Humpongeza kwa moyo wote, maana kuitwa tu kwenye usaili ni kazi kubwa kwa daktari aliyesomea nje. Kisha humwomba jambo moja: asihamishe hata jina moja katika orodha yake ya programu anazozitaka kwa sababu ya barua hiyo.

Wengi hulipokea jibu hilo kwa unyonge. Naliandika hapa kwa kirefu kwa sababu ujumbe wa simu hautoshi, na kwa sababu nimeona watu wazuri wakiumizwa na maneno mazuri.

Kwa wasioijua njia hii, iko hivi. Daktari aliyesomea nje ya Marekani hufanya mitihani ya USMLE, ile ya leseni ya udaktari ya Marekani, hushughulikia cheti cha ECFMG kinachothibitisha elimu yake, na mwishoni mwa Septemba hutuma maombi, kwa fani nyingi kupitia ERAS, mfumo wa maombi wa mtandaoni. Wanaopenda faili lake humwita. Tangu 2020 usaili mwingi hufanyika kwa video, hivyo mtu anaweza kusailiwa akiwa chumbani kwake Temeke usiku huku Marekani ni mchana. Usaili ukiisha, kila mwombaji huandika orodha ya programu kwa mpangilio wa anavyozipenda, na kila programu huandika orodha ya waombaji. Orodha hufungwa kabla ya katikati ya Machi, kompyuta ya NRMP, shirika linaloendesha upangaji huu, huzilinganisha, na wiki ya tatu ya Machi kila mmoja hujua amepangiwa wapi. Mfumo huo wote watu huuita Match, na matokeo yake huzifunga pande zote mbili kimkataba.

Kati ya usaili na kufungwa kwa orodha kuna wiki kadhaa za kungoja. Ndipo barua za sifa huingia.

Mimi sasa hukaa upande wa wanaosaili, kwa hiyo niseme ninavyoiona barua hiyo ikiandikwa. Anayekusaili, mara nyingi, anakupenda kweli. Ukimweleza jinsi wodi ya magonjwa ya ndani inavyoendeshwa usiku na daktari mmoja, na vifaa vichache, atakusikiliza kwa heshima ya kweli, na akisema "ungetufaa" hadanganyi. Ila wiki hiyo hiyo amewasaili wengine wengi, na baadhi yao amewaambia hivyo hivyo, akimaanisha kila mara. Baadaye inakuja kamati. Pale mezani kuna mkurugenzi, wasaidizi wake, rezidenti wakuu, walimu wa idara. Kuna alama za Step 2 (hatua ya pili ya USMLE), kuna barua za mapendekezo, kuna suala la viza. Aliyekupenda ana sauti moja tu. Anaweza kukutetea vizuri na bado ukashuka nafasi kumi na tano, na hataruhusiwa kukueleza.

Tena kuna hesabu ambayo wengi huisahau. Tuseme programu ina nafasi 10. Haiandiki majina 10, huandika mengi zaidi, kwa sababu inajua wale wa juu wanatakiwa na wengine pia. Inaweza kuandika majina 100 na nafasi zake zikajaa ilipofika jina la 55. Sasa wanapokuambia "tutakuweka juu katika orodha yetu", juu ni wapi? Wa 8 yuko juu, wa 30 yuko juu. Mtu wa 30 kati ya 100 ameambiwa ukweli mtupu, na mwaka huo akapangiwa. Mwaka mwingine wale wa juu wote wakiipenda programu hiyo, orodha inaishia kwa wa 20, naye anabaki. Maneno yalikuwa yale yale.

Yako maneno machache yenye uzito zaidi. Programu ikikuambia waziwazi kwamba umewekwa ndani ya idadi ya nafasi zake, yaani katika kumi za kwanza kwa programu ya nafasi 10, hiyo ni kauli tofauti. Lakini hata kauli hiyo ni ya mdomo. Haina mkataba, na orodha inaweza kubadilishwa mpaka dakika ya mwisho kabla ya kufungwa.

Mwaka 2012 Anupam Jena na wenzake walichapisha katika jarida la Academic Medicine utafiti kuhusu wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa vyuo saba vya udaktari vya Marekani. Karibu mmoja kati ya watano alisema aliona amehakikishiwa na programu fulani kwamba atapangiwa kwao, akaiweka ya kwanza, na hakupangiwa. Karibu robo yao walibadilisha orodha kutokana na mawasiliano ya baada ya usaili. Hao ni vijana wanaosomea huko huko, wenye walimu na ofisi za chuo za kuwashauri, wanaoijua lugha na desturi tangu utotoni. Wakisoma vibaya wao, sisi tunaosoma kutoka Mwanza au Kampala tutapata wapi uhakika?

Kuna sababu nyingine, na hii ndiyo ningependa kila daktari anayeomba aielewe kabisa, maana ukiielewa hofu yote inakuondoka. Zamani hospitali za Marekani zilikuwa zikigombea wanafunzi. Kufikia miaka ya 1940 walikuwa wakichukuliwa takriban miaka miwili kabla ya kuhitimu, na baadaye wakawa wanapewa saa chache tu za kukubali au kukataa. Kila mtu alikuwa akibahatisha nani anamaanisha na nani anapoza maneno. Match ilianza 1952 kuondoa hali hiyo. Mwaka 1962 wanahisabati David Gale na Lloyd Shapley waliandika nadharia ya namna ya kulinganisha pande mbili ili pasiwe na wawili ambao wangependa kutoroka na kuungana wenyewe. Alvin Roth na Elliott Peranson waliuunda upya mpango wa kompyuta wa NRMP, ukaanza kutumika 1998, na tangu hapo unaanza upande wa mwombaji. Roth na Shapley walipewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2012.

Kompyuta huanza na chaguo lako la kwanza. Ikiwa programu hiyo imekuandika na ina nafasi, unashikiliwa hapo kwa muda. Akija wanayempenda zaidi na nafasi zimejaa, unaondolewa, na kompyuta inakupeleka kwenye chaguo lako la pili. Huko nako, ikiwa wamekuweka juu ya mtu aliyekwisha kushikiliwa, yeye ndiye anayetoka. Programu haioni uliiandika ya ngapi, na hupotezi kitu kwa kuanza na unayoipenda zaidi.

Sasa tia barua ya sifa ndani ya utaratibu huo uone inafanya nini. Programu uliyokuwa umeiweka ya nne imekusifu. Kama kweli wamekuweka juu, utawakuta pale pale hata ukiwaacha wa nne, iwapo tatu za mwanzo zimekukosa. Kama hawakukuweka juu, kuwapandisha hadi wa kwanza hakukusogezi hatua moja kwenye orodha yao. Kwa hiyo kuwapandisha hakukuongezei chochote, ila kunaweza kukunyang'anya ile programu uliyoitaka ambayo huenda nayo ilikuwa imekuweka juu na ikanyamaza.

Ukimya nao nauzungumzia kwa uchungu, maana unawaonea watu kuliko sifa. Programu nyingi zina sera ya kutowasiliana kabisa na mwombaji baada ya usaili. Hazijibu hata barua ya shukrani. Kanuni za mawasiliano za NRMP zenyewe hazitaki programu zimlazimishe mwombaji kuendelea kuwasiliana nazo. Kwetu sisi, mtu akikaa kimya baada ya kumshukuru, tunajua kuna jambo. Basi daktari wangu anaichukua hospitali aliyoipenda tangu siku ya kwanza, anaishusha hadi ya nane kwa sababu "hawajasema kitu", na anaipandisha ile iliyomwandikia mistari mitatu. Mdogo wangu, waliokaa kimya walikuwa wanafuata kanuni.

Hata hivyo sisemi barua hizo zitupwe. Zisome upya, kwa swali jingine: zinakuambia nini kuhusu wao? Mkurugenzi akitaja kwa jina ile kazi yako ya moyo wa rumatiki kwa watoto, akauliza uliwafuatiliaje wagonjwa waliorudi vijijini, huyo alisoma faili lako, na huenda ni mtu wa kukulea kitaaluma kwa miaka mitatu. Wakikueleza mapema kwamba wanapokea viza ya J-1 tu, ile ya mafunzo ya kubadilishana, au kwamba wanakubali H-1B, ile ya kazi, kwa aliyekwisha faulu Step 3, wamekupa habari ya thamani. Anayeingia kwa J-1 anahitaji barua ya Wizara ya Afya ya nchi yake, na mafunzo yakiisha anatakiwa arudi nyumbani miaka miwili au apate msamaha wa sharti hilo. Programu inayojua mambo haya bila kuulizwa imekwisha kuishi na madaktari kama wewe. Wakikuunganisha na rezidenti kutoka Afrika ukaongea naye nusu saa, muulize zamu zikoje, mtu akiugua nani anamshikia, mgeni anasemeshwaje. Majibu hayo yanaweza kubadilisha orodha yako, na yana haki hiyo, kwa sababu yanagusa maisha utakayoishi.

Ukitaka kuwaambia programu moja kwamba ndiyo utakayoiweka ya kwanza, waambie, maadamu ni kweli na ni moja tu. Inaruhusiwa. Wao hawaruhusiwi kukuuliza utawaweka wa ngapi, wala umesailiwa wapi kwingine. Ukiulizwa, jibu kwa adabu kwamba unaipenda programu yao na kwamba orodha yako bado hujaimaliza. Huna deni la zaidi ya hapo.

Kwa wenzangu tunaosaili nina ombi, na nimelisema vikaoni mara nyingi: tuache kuandika sifa ambazo hatuwezi kuzisimamia. Mwaka 2024 waombaji waliosomea nje na wasio raia wa Marekani waliopangiwa nafasi walikuwa asilimia 58.5, wakati waliohitimu mwaka huo katika vyuo vya udaktari vya MD vya huko walikuwa asilimia 93.5. Maneno yale yale yakimfikia wa kundi la pili ni salamu nzuri. Yakimfikia wa kundi la kwanza, ambaye huenda familia nzima ilichanga ada za mitihani, yanakuwa ahadi. Namjua aliyeacha kazi ya hospitali ya wilaya Februari kwa sababu ya barua kama hiyo. Namjua aliyekataa usaili wa mwisho wa Januari akiona ameshapata. Barua moja ya shukrani isiyo na sifa, inayotumwa kwa wote kwa maneno sawa, ingetosha, na hakuna programu itakayopoteza rezidenti mzuri kwa hilo.

Kwa hiyo, hadi orodha ifungwe: nenda kila usaili ulioitwa. Andika kila programu ambayo ungekubali kufanya kazi, hata ile ya mji mdogo wenye theluji ambao hukuwahi kuusikia, na iache nje ile tu ambayo hungeweza kuishi nayo. Orodha ya majina mawili kwa sababu wawili hao walikusifu ni hatari kubwa. Usiache kazi. Usimtangazie mjomba.

Jumatatu ya wiki ya Match utaambiwa kama umepangiwa au la, na wapi utajua Ijumaa saa sita mchana kwa saa za mashariki ya Marekani, yaani saa moja jioni Dar na Nairobi. Ukiambiwa hukupangiwa, wiki hiyo hiyo kuna SOAP, utaratibu wa kuomba nafasi zilizobaki, na muda wake ni mfupi sana. Huruhusiwi kuzipigia programu hizo wala kuziandikia kabla hazijakutafuta zenyewe. Andaa mapema maelezo binafsi ya fani mbili, barua za mapendekezo ziwe zimepakiwa, bando liwe la kutosha, na zamu za wiki hiyo ubadilishane na mwenzako tangu Februari, hata kama uliandikiwa barua tamu kuliko zote.